Maumivu ya Mgongo, na Dawa ya Kuning'inia Kichwa Chini



Wahenga wamesema, Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hapana maradhi yanayolithibitisha neno hili kuliko maumivu ya mgongo. Mtu aliyevunjika mkono huonekana kitambaa alichofungwa, akapewa pole. Mwenye homa huguswa kipaji cha uso, ikajulikana. Lakini mwenye kuumwa na mgongo hutembea kati yetu hana jeraha wala uvimbe, naye akikataa kubeba gunia huitwa mvivu. Kumbe watu wa namna hiyo ni wengi mno. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya kiuno, yaani mtu mmoja katika kila watu 13.

Kwa kuwa maumivu hayo yakikaa hayaondoki upesi, mwenye nayo hubisha kila mlango kutafuta dawa. Mojawapo ya dawa zinazosifiwa sana huko Ulaya na Marekani ni kuning'inia kichwa chini, miguu juu, kama popo mchana. Mtu akisikia mara ya kwanza atacheka, akidhani ni mchezo wa watoto juu ya mwembe. Lakini jambo hili si la kucheka tu, maana wako waliopata nafuu kwalo, na wako walioweza kudhurika. Basi leo twataka kulipima kwa mizani: dawa hii yafanyaje kazi, imepata kumfaa nani, na nani yampasa kuiepuka.

Uti wa mgongo ulivyo

Kwanza yatupasa kuujua mgongo wenyewe. Uti wa mgongo si fimbo moja iliyosimama. Ni pingili nyingi zilizopandana, kama pingili za muwa. Shingoni zimo 7, nyuma ya kifua 12, na kiunoni 5. Jumla ni 24, nazo zote zaweza kusogea. Chini yake mna mifupa mingine iliyoungana kuwa kitu kimoja, na mwisho kabisa mna kifandugu. Katikati ya pingili hizi mna tundu lipitalo tangu juu, na ndani ya tundu hilo hupita uti wa fahamu utokao ubongoni. Kutoka humo mishipa ya fahamu hutoka pande zote mbili, ikaenda mikononi na miguuni.

Kati ya pingili na pingili, isipokuwa zile mbili za juu kabisa, umo mto mdogo wa gegedu. Mto huo ni mfano wa mfuko: pembeni mna nyuzi ngumu zilizofumwa kwa kupishana kama ukili wa mkeka, na ndani mna ute mzito wenye maji mengi. Kazi yake ni kupokea kishindo. Turukapo mtaro, au tushukapo garini kwa haraka, mito hii hubonyea kidogo, na mifupa haigongani.

Mchana kutwa mito hii hukandamizwa na uzito wetu, hata maji yake hupungua kidogo. Usiku tulalapo huyanywa tena. Mwanafunzi asiyesadiki na ajipime kimo ukutani asubuhi mara aondokapo kitandani, kisha ajipime tena jioni baada ya kazi. Ataona kwamba kimo cha asubuhi kimezidi kwa kadiri ya sentimita moja. Hakurefuka usiku wala hakufupika mchana. Ni mito tu iliyojaa na kupungua.

Katika miaka ya 1960 daktari mmoja wa Sweden, Alf Nachemson, alifanya jambo la ujasiri. Aliingiza sindano yenye kipimo ndani ya mito ya viunoni mwa watu walio hai, ili ajue mto wabanwa kwa nguvu gani katika kila mkao. Akaona kwamba mtu akilala chali nguvu ile huwa ndogo sana, akisimama huongezeka, na akiinama mbele hali ameshika mzigo, huongezeka kupita kiasi. Mtu alimaye kwa jembe la mpini mfupi, au ainamaye kuinua ndoo ya maji, aweza kulifahamu neno hili bila ya sindano.

Sasa, mto ukichakaa, kuta zake zaweza kulegea, na ute wa ndani ukasukumwa nje ukagusa mshipa wa fahamu. Hapo maumivu hayakai kiunoni tu, bali hushuka matakoni, pajani, hata kwenye unyayo, kama moto upitao katika waya. Lakini tusidhani kwamba kila mgongo uumao una mto uliotoka. Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa katika watu 10 wenye maumivu ya kiuno yasiyokoma, 9 hivi hawana kasoro moja ya mwili iwezayo kutajwa kuwa ndiyo sababu. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

Asili ya dawa hii

Mawazo ya kumpindua mgonjwa si mapya hata kidogo. Miaka ipatayo 2,400 iliyopita, huko Uyunani, alikuwako tabibu jina lake Hippocrates. Katika kitabu cha viungo, kimoja cha vitabu vinavyohesabiwa kuwa vyake, imeelezwa jinsi watu wenye vibiongo walivyokuwa wakitibiwa kwa ngazi. Mgonjwa alifungwa juu ya ngazi kwa mikanda, mara nyingine miguu juu. Kisha ngazi ikainuliwa penye jengo refu, ikaachwa ianguke wima hata chini, ili ule mshituko uunyoshe mgongo. Lakini mwandishi wa kitabu hiki hakuwasifu waganga wa ngazi. Alisema kwamba wengi wao walitaka kuwashangaza watu waliokusanyika kutazama, wala hawakujali mgonjwa alipatwa na nini baadaye. Onyo hilo halijachakaa hata leo.

Katika karne ya 20 jambo hili lilifufuka Marekani. Katika nchi ya California daktari mmoja, Robert Martin, alifundisha watu kuning'inia kwa viatu vyenye kulabu, vilivyofungwa vifundoni na kutundikwa penye chuma. Mwaka 1980 filamu moja iitwayo American Gigolo ilimwonyesha mchezaji wake, Richard Gere, akining'inia kwa viatu hivyo, na watu wengi wakavitaka. Hivyo dawa ikaenea kwa sifa za sinema kabla madaktari hawajaipima sawasawa.

Meza ya kupindua

Siku hizi wengi hawatumii viatu hivyo, bali hutumia meza ya kupindua. Ni ubao mrefu uliowekwa juu ya miguu ya chuma, wenye mhimili katikati kama pembea ya ubao ya watoto. Mtu husimama akiuegemea, hufungwa vifundo vya miguu, kisha huinua mikono, na ubao huinama polepole, kichwa kikashuka na miguu ikapanda.

Hesabu yake si ngumu. Uzito wa mwili ulio juu ya kiuno, yaani kichwa, mikono na kifua, ni kama nusu ya uzito wote. Basi mtu wa kilo 60 akining'inia wima kichwa chini, kiuno chake huvutwa kwa nguvu ya kilo 30 hivi. Akilala juu ya ubao ulioinama nyuzi 30 tu, nguvu hiyo hupungua kwa nusu, yaani kilo 15. Tena sehemu ya nguvu hiyo hupotea kwa kuwa mgongo hushikana na ubao. Kwa sababu hiyo wanaotumia meza hii kwa busara huanza kwa kuinama kidogo sana, kwa dakika moja au mbili, wala hawatafuti kusimama kichwani.

Je, kiuno huvutika kweli? Naam, huvutika. Picha za eksirei zilizopigwa katika miaka ya 1980 zilionyesha kwamba nafasi kati ya pingili huongezeka kidogo mtu aning'iniapo. Misuli iliyokazana nayo yaweza kulegea. Ndiyo maana wengi husema kwamba wajisikia wepesi mara washukapo. Hatuwezi kuwaita waongo.

Lakini tuulize swali la pili: unafuu huo wakaa muda gani? Sponji lililobanwa, ukiliachia hujaa. Ukilibana tena hubonyea. Vivyo hivyo mtu akishuka mezani husimama kwa miguu yake, na uzito wote hurudi mahali pake.

Tena, watu waendao angani kwa vyombo wametufundisha jambo la ajabu. Huko juu hawana uzito wa kuwakandamiza, na vimo vyao huongezeka hata kufikia sentimita 5. Kama maumivu ya mgongo yangetoka katika uzito tu, hao ndio wangekuwa na migongo mizima kuliko watu wote. Kumbe wengi wao huumwa na mgongo katika siku za kwanza za safari, na baada ya kurudi duniani wamo katika hatari zaidi ya mito yao kutoka. Basi kuuondoa uzito peke yake si kuyaondoa maumivu.

Madaktari wamepata nini?

Mwaka 2012 madaktari wa Newcastle, Uingereza, walitangaza habari ya jaribio dogo. Walichukua wagonjwa waliokuwa na mto mmoja wa kiunoni uliotoka, nao walikuwa wakingoja kupasuliwa. Wote walifanyishwa mazoezi ya viungo. Ila sehemu yao waliongezewa meza ya kupindua. Katika watu 13 waliopinduliwa, 10 hawakuhitaji tena kupasuliwa. Katika wale wengine ni wawili tu walioepuka kisu. Hii ni habari njema, wala si haki kuificha. Lakini tuitazame kwa macho mawili. Watu wenyewe walikuwa wachache, hawakufika 30. Wote walikuwa na ugonjwa wa namna moja, uliokwisha kujulikana kwa picha. Nao walikuwa chini ya ulinzi wa madaktari. Mtu aumwaye na mgongo bila kujua sababu hawezi kusema, "Na mimi ni kama wale."

Upande wa pili wa mizani una uzito zaidi. Mwaka 2013 wataalamu walikusanya majaribio 32 ya kuvuta mgongo kwa njia mbalimbali, yenye watu 2,762, wakayasoma yote kwa pamoja. Waliona ya kuwa kuvuta mgongo hakupunguzi maumivu ya kiuno kwa kadiri ya maana, wala hakumrudishi mtu kazini upesi. Mwaka 2016 baraza la Uingereza linaloshauri juu ya matibabu liliandika kwamba wenye maumivu ya kiuno wasipewe tiba ya kuvutwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo wake juu ya maumivu ya kiuno ya siku nyingi, nalo halikushauri kuvuta mgongo wala mikanda ya kufunga kiunoni kuwa dawa ya kawaida.

Hapo ndipo lile neno tulilolishika linaporudi. Ikiwa wagonjwa 9 katika 10 hawana kasoro moja ijulikanayo, hatuwezi kutumaini kwamba kuvuta pingili kutawaponya wote. Dawa iliyomfaa mwenye mto uliotoka yaweza isimfae mwingine kabisa.

Hatari zake

Mwili wetu umeumbwa kusimama kichwa juu. Mtu akipinduliwa, damu hushuka kichwani, na moyo hufanya kazi katika hali usiyoizoea. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani waliwapima watu walioning'inia, wakaona kwamba shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, hupanda. Na mkazo ulio ndani ya jicho huongezeka sana, hata kukaribia mara mbili. Kijana mwenye afya aweza kuvumilia kwa dakika chache. Lakini wako ambao kwao dakika hizo ni hatari.

Basi wasijaribu kabisa watu hawa: mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo, na aliyepata kupigwa na kiharusi, mwenye ugonjwa wa macho uitwao glakoma, au aliyepasuliwa jicho, mwanamke mwenye mimba, mwenye ngiri, mwenye mifupa iliyodhoofika kwa uzee, au iliyovunjika karibuni, na anywaye dawa za kuzuia damu kuganda. Shida kubwa ni kwamba wengi wenye presha hawajijui, maana presha haina maumivu. Kwa hiyo mtu asiyepimwa hawezi kusema kwamba yu salama.

Twaongeza onyo moja kwa vijana hasa. Asiwepo mtu wa kufunga kamba kwenye tawi au boriti, akajitundika kwa miguu kwa kuwa amesikia habari hizi. Kamba hukata damu, tawi huvunjika, na aangukaye kichwa chini huangukia shingo. Tena asiyeweza kujifungua mwenyewe yumo katika hatari ya kufa, kwa kuwa mwili uliopinduliwa kwa muda mrefu huchoka kupumua. Mwaka 2009, katika pango moja la nchi ya Utah huko Marekani, kijana mwenye nguvu alinaswa kichwa chini mahali pembamba, na baada ya saa zipatazo 27 alikufa kabla ya kutolewa. Mwenye kutumia meza ya kupindua kwa ruhusa ya daktari, basi na aitumie mbele ya mtu mwingine, polepole, kwa dakika chache. Na aonapo kizunguzungu, kichwa kuuma, au macho kuona giza, ashushwe mara moja.

Lifaalo kufanywa

Mtu atauliza, "Basi mwenye kuumwa na mgongo afanye nini?" Jibu ni rahisi kusema, ijapokuwa lataka saburi.

Kwanza, asilale kitandani majuma mengi. Zamani madaktari wengi waliwaamuru wagonjwa kulala. Siku hizi wameona kwamba misuli isiyotumika hudhoofika, na mgongo ukazidi kuuma. Maumivu yakiwa makali, apumzike kidogo kwa kulala chali juu ya mkeka, miguu imewekwa juu ya kiti, magoti yamekunjwa. Mkao huo huipumzisha mito ya kiunoni bila kumpindua mtu. Kisha aondoke, afanye kazi nyepesi awezazo.

Pili, atembee. Mwaka 2024 wataalamu wa Sydney, Australia, walitangaza jaribio la watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno. Sehemu yao walifundishwa kutembea, wakiongeza kidogo kidogo, nia yao ikiwa kufika dakika 30 kwa siku, siku 5 katika juma. Kati ya hao, nusu walikaa siku 208 au zaidi kabla maumivu hayajarudi. Kwa wale wasiofundishwa zilikuwa siku 112. Dawa hii haiuzwi dukani, haina kamba wala meza, na njia zetu zote zaitosha.

Tatu, ajifunze kuinua mzigo. Asogee karibu nao, apige magoti au achuchumae, aushike kifuani, kisha ainuke kwa nguvu ya mapaja. Wala asigeuze kiuno hali ameubeba. Maji ya ndoo moja kubwa heri yachukuliwe kwa safari mbili. Jembe nalo litiwe mpini mrefu, ili mlimaji asiiname mno. Na sisi tulio nyumbani tuwagawie kazi hizi watu wote, zisiwe juu ya mama peke yake tangu alfajiri hata magharibi.

Nne, azijue dalili zisizongoja. Mwenye maumivu ya mgongo akipatwa na ganzi kati ya mapaja, au akishindwa kukojoa au kujizuia haja, au miguu yake ikilegea, apelekwe hospitali siku iyo hiyo. Kukawia kwaweza kumlemaza maisha. Vilevile maumivu yafuatayo kuanguka kwa kishindo yachunguzwe kwanza, yasikandwe wala kuvutwa.

Kisha iko dalili ambayo katika nchi zetu yatupasa kuijua kuliko wengine. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Chaweza kuingia katika pingili za mgongo kikazila polepole. Daktari wa London, Percivall Pott, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779. Mtu au mtoto mwenye mgongo uumao kwa majuma mengi, naye akonda, ana homa za jioni na jasho la usiku, au ameanza kutokeza kinundu mgongoni, asifungwe ubaoni, asikandwe, wala asining'inizwe. Pingili iliyoliwa ikivutwa yaweza kuporomoka na kuubana uti wa fahamu, na mtoto akapooza miguu. Apelekwe hospitali. Ugonjwa huu una dawa, nao hupona mgonjwa akizinywa kwa miezi yote aliyoamriwa bila kuacha. Huenda baadhi ya wale wenye vibiongo waliofungwa kwenye ngazi huko Uyunani walikuwa na ugonjwa huu huu; nao hawakuwa na dawa hizi tulizo nazo sisi.

Basi, kwa kifupi, kuning'inia kichwa chini si uchawi wala si upuuzi. Ni njia iwezayo kuwapa wachache nafuu ya muda, chini ya jicho la daktari. Kwa wengi haina faida kubwa, na kwa wengine ina hatari. Mwenye mgongo uumao asione haya kusema, na aliye karibu naye asimwite mvivu. Amsindikize kupimwa, kisha watembee pamoja.